Udongo wa Jumba la Mtemi

Watu wanawalaumu wachimbaji wageni. Wawaache kabisa! Aliyeanza kulibomoa jumba la mtemi ni mimi, Bujiku, mlinzi niliyekabidhiwa funguo zake.

Kijiji kizima kilijua kwamba wazee wetu walibeba udongo wa kuta zile kichwani, kutoka kilimani. Kilima hichohicho ndicho kilichokuja kutoa dhahabu. Siku moja nikajiuliza, kama kilima kina dhahabu, kuta je? Nikachimbua kipande kando ya mlango, nikakitwanga, nikakiosha kwenye karai. Chini zikabaki chembe zinazong'aa. Nikashindwa kufunga mdomo, nikawaambia wachimbaji. Mwezi haukuisha, kuta zote zilikuwa zimebebwa kwenye viroba.

Jana Bibi Scolastika alirudi kutoka Ushirombo, alikokuwa akiuguzwa na binti yake tangu mwaka juzi. Alikuja moja kwa moja na mkongojo wake, akasimama pale palipokuwa na jumba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kuta ziko wapi?"

"Mvua, bibi. Mvua ilizidi."

Akaelekeza mkongojo palipokuwa na mlango. "Kando ya mlango mama yangu aliacha alama ya kiganja chake, udongo ukiwa bado mbichi. Hakuwahi kupigwa picha, nilikuwa na kile tu. Nacho kimeenda?"

"Kimeenda."

Kile kiganja nilikiona. Nilipiga sururu katikati yake, kwa sababu pale palikuwa na ufa tayari.

Bibi akanishika mkono. "Pole, mjukuu wangu," akasema. "Najua ulivyolitunza."