Mkono Alionyimwa Arlys Tjaden

Bibi yangu, Arlys Tjaden, aliichezea shule ya Lundeen mpira wa kikapu miaka minne, na katika miaka hiyo hakurusha mpira kikapuni hata mara moja. Kabla hujacheka, nisikilize. Enzi zake wasichana wa jimbo letu la Iowa, Marekani, walicheza sita kwa sita. Uwanja uligawanywa kwa mstari wa katikati, na mstari ule ulikuwa sheria. Watatu wa mbele walikaa upande mmoja, kazi yao kufunga. Watatu wa nyuma walikaa upande wa pili, kazi yao kuzuia. Mlinzi akishanyang'anya mpira aliufikisha mstarini, akawarushia wenzake wa ng'ambo, kisha akasimama palepale, mikono kiunoni, akitazama wengine wakishangiliwa. Kuvuka kulikuwa kosa.

Bibi alikuwa mlinzi. Silaha yake ilikuwa mkono wa kushoto. Aliuweka mbele ya macho ya mfungaji, karibu kabisa na pua, na haukumgusa kamwe. Mfungaji akienda huku, mkono uko. Akigeuka kule, mkono umeshafika.

Mwaka jana watu wa mji wetu waliamua kuwaheshimu wanawake waliovuma katika mchezo huo wilayani kwetu. Shule ilifungwa zamani, watoto wanapelekwa kwa basi mji wa jirani, lakini ukumbi wa michezo umebaki. Wakataka ukuta wake mmoja uwe wa heshima, wenye picha na majina. Sharti likawa moja tu: mchezaji awe alifunga pointi elfu moja.

Niliposikia sharti hilo nilimwendea mwenyekiti wa kamati, Kyle Ostercamp, dukani kwake anakouza mbegu za mahindi.

"Kyle, na walinzi je?"

"Walinzi gani?"

"Walinzi! Waliokatazwa kufunga."

Akakuna kichwa chini ya kofia. "Hao hawana takwimu, ndugu yangu. Tutaandika nini chini ya picha? Sufuri?"

"Andikeni kwamba alizuia."

"Alizuia mangapi?"

Akacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Unaona? Goli ambalo halikuingia, nani alilihesabu? Usininunie, Colby. Bibi yako nampenda kama mama yangu. Tena mwambie asikose siku hiyo. Tunamtegemea kwa kahawa na zile keki zake za vipande."

Kahawa! Nilitoka dukani bila kuaga.

Bibi hakukasirika. Alikuwa na tumaini lake jingine. Majira ya baridi, LaVonne Kruse alimpigia simu kutoka Arizona, alikohamia kukimbia theluji. LaVonne alikuwa mfungaji wa Lundeen, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya ukuta.

"Shoga, nitapewa kipaza sauti," alisema, na mimi nilikuwa nasikia kila neno, maana Bibi huweka simu kwa sauti kubwa. "Nitasimama mbele ya watu wote nilitaje jina lako. Bila wewe tusingechukua ubingwa ule."

"Aa, acha maneno yako."

"Nakuapia, Arlys!"

Bibi alikata simu, akakaa. Kisha akaenda kulitoa kabatini gauni la buluu alilovaa harusi ya mama yangu. Jumapili ile kanisani aliwaambia wanawake watatu, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba atatajwa. Hakutaka picha, hakutaka ukuta. Alitaka jina lake lisemwe mara moja ndani ya ukumbi ule, naye angali anasikia.

Ubingwa wenyewe ulikuwa hivi. Fainali ya jimbo, kule Des Moines, mji mkuu, Lundeen ilikutana na Harlow, shule nyingine ya wilaya yetu. Harlow walikuwa na Marvella Buhr, msichana mrefu mwenye msuko mmoja, aliyezoea kufunga pointi sitini usiku mmoja kama mtu anayechuma mahindi. Bibi alipewa huyo amzuie. Siku ile Marvella hakufikisha hata ishirini. Lundeen wakashinda, LaVonne akabebwa juu juu, na kesho yake gazeti likaeleza kilichompata Marvella: alikuwa na homa.

Homa! Mwili mzima wa bibi yangu, miguu yake, pumzi yake, mkono wake, vyote vilifutwa kwa neno moja la ugonjwa.

Siku ya sherehe ilikuwa Machi, theluji imegeuka tope. Ukumbi ulijaa. Bibi, na gauni lake la buluu, alisimama nyuma ya meza ya kahawa pamoja na wanawake wa kanisa, akikata mikate ya nyama ya nguruwe. Hotuba zilipoanza akavua aproni, akaja kukaa karibu nami. Alikuwa ametengeneza nywele.

Aliyetangulia kusema alikuwa Marvella Buhr. Mgeni wa heshima kutoka Harlow, mrefu bado, fimbo mkononi. Kyle akamtania:

"Mama Buhr, si ndio nyie tuliowatandika Des Moines?"

"Kama si ile homa," Marvella akajibu, "ukuta huu ungejengwa Harlow."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nilimtazama Bibi. Alikuwa anamwangalia Marvella bila kupepesa.

Kisha LaVonne. Ngozi imeiva kwa jua la Arizona, bangili zinalia. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru kocha. Alimshukuru baba yake aliyemtundikia pete ya kikapu ghalani, na marehemu mumewe, na daktari aliyembadilisha nyonga, na watu wakacheka tena. Bibi alikuwa amejiinua kidogo kitini, kama anayejiandaa kusimama akiitwa.

"Na mwisho," akasema LaVonne, akapangusa machozi, "wasichana wote wa nyuma. Mnajijua wenyewe. Nawapenda."

Akashuka. Watu wakasimama kumpigia makofi.

Nami nilisimama, lakini si kwa makofi. Nilitaka kwenda kukinyakua kile kipaza sauti niwaambie jina, niwapigie kelele mpaka madirisha yatikisike. Mkono wa kushoto wa Bibi ukanishika mkanda wa suruali.

"Keti."

"Bibi, amekuahidi! Ameapa!"

"Nimesikia. Keti, Colby. Sisi hatuvuki mstari."

Nikaketi. Alifungua mkoba akatafuta kitambaa, akakosa, akaufunga. Halafu akafunga tena aproni, akarudi kwenye kahawa, maana watu walikuwa wameanza kupanga foleni.

LaVonne alikuja pale mezani, akambusu, akachukua vipande viwili vya keki. "Shoga, nimeongea vizuri?"

"Umeongea vizuri," Bibi akasema.

"Nilikuwa natetemeka! Sikumbuki hata nilichosema." Akaenda kupigwa picha.

Watu walipopungua ndipo Marvella Buhr alipokuja, fimbo yake ikigonga sakafu. Alisimama mbele ya meza, hakuchukua kikombe. Akamtazama bibi yangu muda mrefu, kama mtu anayetazama mbwa aliyewahi kumuuma.

"Wewe ndiye," akasema.

"Ndiye mimi."

"Sikuwa na homa."

"Najua."

"Sikuwa na homa, wala mafua, wala chochote. Nilikula vizuri, nililala vizuri. Kocha ndiye aliyewaambia wale wa gazeti, na mimi nikaitikia." Akaegemea fimbo. "Mwaka mzima nilikuwa naota mkono wako. Nimeolewa, nimezaa, bado naota."

Bibi alijipangusa vidole kwenye aproni, akanyoosha mkono juu ya sahani za keki. "Basi tupeane mkono, Marvella. Tumeshazeeka."

Marvella aliutazama ule mkono. Ulikuwa wa kushoto. Mkono wa kulia Bibi ana baridi yabisi.

"Hapana," akasema. "Huo, hapana."

Nikashindwa kunyamaza. "Mama, kipaza sauti hakijazimwa! Rudi pale mbele, useme haya uliyosema hapa. Waambie!"

Akanigeukia. Hakuwa na hasira nami hata chembe. "Kijana, homa hii nimekaa nayo tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Wanangu wanaijua. Wajukuu wanaisimulia. Unataka nipone leo, mbele ya Lundeen?"

Akaondoka, fimbo ikigonga. Mlangoni Kyle akamfungulia na kumshika kiwiko.

Nilimwambia Bibi ule ni uoga. Nilisema mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa. Yeye alikuwa anaosha birika kubwa la kahawa.

"Ulimwona alivyoniangalia?" akaniuliza.

"Nilimwona. Amekunyima mkono."

"Amenikumbuka," akasema, na uso ukamng'aa kidogo, kisha ukazima, kama aliyegundua ni kitu kidogo kiasi gani anachokifurahia.

Tulikuwa wa mwisho kutoka. Njia ya kwenda mlangoni inapita mbele ya ule ukuta, na Bibi akasimama kusoma. LaVonne yuko juu, pointi zake kwa tarakimu kubwa. Pembeni yake ni Marvella Buhr wa Harlow, msuko begani. Chini ya pointi zake wameongeza mstari wa maandishi madogo: kwamba fainali ya jimbo aliicheza akiwa mgonjwa.

Mstari huo umechongwa kwenye shaba. Haufutiki.

Bibi alinipa birika, akakunja magoti kidogo, magoti yale mabovu, akanyanyua mkono wa kushoto na kuuweka mbele ya macho ya Marvella, karibu kabisa na pua, bila kuigusa picha. Akasimama hivyo mpaka mtu wa ukumbi akaanza kuzima taa.