Saba Kwenye Kidirisha Chekundu

...saba, bado ni saba, imekaa katikati kabisa ya kidirisha chekundu mgongoni mwa kamera, na mzee kashika kigurudumu cha kuzungushia filamu kwa vidole viwili lakini hazungushi, maana kamera hii kongwe ya kukunja haikuzuii kupiga mara mbili wala haikukumbushi, namba inakuonyesha ulipofika, haisemi kama pameshapigwa, na kama marehemu mke wake aliipiga hii saba, basi mle ndani kuna kitu cha mwisho alichokitazama, na leo mshonaji anayesubiri kupigwa picha na gauni lake jipya watakuja kukikalia juu... "Mzee, jua linanikimbia huku!" mshonaji anaita toka uani, nakuja, anasema mzee, na haondoki dirishani, asogeze tu mpaka nane, nane ndiyo ya mwisho, yaishe, lakini saba je, ina mtu au haina, miaka thelathini waligombana kwa hilo hilo, yeye akishapiga anasogeza papo hapo, mkewe hasogezi mpaka atake kupiga tena, na akisogeza anaishia kwenye vile vitone vinavyotangulia namba, basi picha zinapandiana, mama mkwe akatoka na gurudumu la baiskeli kwenye paji la uso, mkewe alicheka mpaka akakaa chini, yeye hakucheka, mjinga yeye, nafasi, mama watoto, acha nafasi, na mkewe, "Waache wakae karibu karibu, kwani wamegombana?"... "Au umelala, mzee?" ...nakuja, nakuja... daftari la picha linasema sita, mimi, kibarazani, kapiga yeye, mwandiko wa mzee mwenyewe, na siku ile mzee alikuwa amenuna kwa sababu ya filamu iliyotangulia, mkewe aliyoiharibu nusu nzima, akamwambia na hiyo nayo utaiharibu tu, akaingia ndani, wiki iliyofuata mkewe hospitali, kamera ikaingia kabatini, mwaka na nusu haijaguswa, sasa kama sita aliipiga mkewe, kwa mazoea yake kidirisha kilitakiwa kionyeshe sita, iweje saba, tena saba iliyonyooka hivi, hakuna kitone hata kimoja pembeni, huu si mkono wake, mkono wake haukuwa na subira hiyo... isipokuwa siku ile mzee alipoingia ndani alikuwa chumbani anavua viatu, ndiyo, kiatu cha kushoto kilikuwa kinambana, na pazia lilikuwa wazi kidogo, akasikia kigurudumu krr, krr, polepole, kimya, halafu krr moja ndogo kama ya mtu anayeinama kuchungulia, akadhani mkewe anachezea kamera, na sauti yake, "Baba watoto, njoo uone," na yeye akajibu nini, alijibu nimechoka, ee Mungu wangu, nimechoka, kwa ajili ya kiatu, na mwenzake kasimama kibarazani peke yake na namba yake imekaa sawasawa, ya kwanza katika miaka thelathini, hana wa kumwonyesha... "Mzee!" ...vidole vinaachia kigurudumu, hakuna mtu kwenye saba, ni tupu, ni nafasi mkewe aliyomwachia yeye, kaipima kwa jicho lake mwenyewe, na inauma, inauma kuliko siku ya mazishi, mshonaji bado anaita uani, jua bado lipo, na mzee bado yuko dirishani kaishika kamera kwa mikono miwili, nakuja, anasema, kwa sauti ndogo isiyofika uani, nakuja nione.