Hadoki wa Jumamosi

Selwyn Garside hakuwahi kuvua samaki hata mmoja maishani mwake, na Jumamosi saa nne asubuhi alitakiwa kuwafundisha watu sita namna ya kuvua.

Tangazo alilibandika mkewe mwenyewe, Thelma, kwenye ubao wa kanisa, bila kumuuliza. "Mafunzo ya kuvua gatini wakati wa baridi, kwa wanaoanza. Mwalimu ni Bwana S. Garside, mvuvi wa miaka mitatu. Supu ya njegere ipo." Selwyn alilisoma mara mbili. Supu ndiyo iliyommaliza. Bila supu labda watu wasingekuja.

Mambo yalianza hivi. Selwyn alikuwa dereva wa basi katika mji wa pwani wa Skelby kwa miaka thelathini na mmoja. Jumamosi ya kwanza baada ya kustaafu alikaa jikoni, miguu ameinyoosha pale Thelma alipokuwa anafagia, na Thelma akamwambia, "Hivi wewe huna pa kwenda?" Basi. Maneno matano. Selwyn akatoka, akanunua fimbo ya kuvulia, ndoo na kofia ya sufu, na tangu siku ile kila Jumamosi ya baridi akawa "anakwenda gatini".

Akifika kwenye kona ya mwoka mikate, badala ya kukata kulia kwenda baharini, alikata kushoto. Aliingia kwenye lile duka la kufulia nguo kwa mashine za sarafu, akaegemeza fimbo ukutani, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mashine namba nne, ile ya kukaushia, akasoma hadithi za polisi mpaka saa nane. Joto la pale lilimpendeza kuliko kitu chochote duniani. Akitoka hapo alipitia kwa Bagley muuza samaki, akanunua hadoki wawili, akawatia kwenye ndoo pamoja na maji ya chumvi aliyochanganya mwenyewe, kwa ajili ya harufu.

Thelma aliwapokea, akawakaanga, akasema, "Leo umepata." Hakuuliza zaidi. Kwa hiyo Selwyn alijiona mjanja kweli kweli. Sasa ujanja ulikuwa umefika mwisho wa njia, kama basi, na abiria walikuwa wanangoja kushushwa.

Ijumaa alikwenda duka la chambo. Mwenye duka alikuwa Kezia Pybus, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye mabega ya mchimbaji, kwa sababu minyoo aliichimba mwenyewe mchangani maji yakipwa. Yeye alimwita kila mtu kipenzi, hata polisi.

"Naomba minyoo," Selwyn alisema.

"Mingapi, kipenzi?"

"Ya watu saba."

"Unataka myeusi au ya kawaida?"

Selwyn alifikiri. "Ya kawaida. Isiyo na makuu."

Kezia akaacha kuhesabu ndoana. Akamtazama kutoka kofia mpaka viatu. "Ngoja. Wewe si yule anayekaa kwenye mashine za kufulia? Mama yangu anafua pale. Anasema kuna babu mmoja ana fimbo ya kuvulia, kazi yake kukaa karibu na namba nne. Sisi tulidhani unavua soksi."

Selwyn akavua kofia, akaivaa tena. Halafu akamwaga yote: tangazo, supu, miaka mitatu, hadoki.

"Kesho saa nne?" Kezia aliuliza.

"Saa nne."

"Na mkeo anakuja?"

"Ndiye anayeleta supu."

Kezia alicheka mpaka akashika meza. Alipomaliza akajifuta macho kwa mkono wenye tope. "Haya, sikiliza, maana sirudii. Vaa glavu, uzikate ncha za vidole viwili vya kushikia ndoana. Mikono ikishaganda huwezi hata kufunga kamba ya kiatu. Umepata?"

"Subiri niandike." Hakuwa na karatasi. Akatoa kalamu, akaanza kuandika kwenye kiganja cha kushoto.

"Kabla hujarusha, tazama nyuma, usije ukamng'oa mtu sikio. Na usirushe mbali. Kila anayeanza anataka kurusha mpaka Denmark, ng'ambo ya bahari. Wakati huu, upepo ukishachafua maji, samaki wanakuja chini ya gati kabisa. Angusha chambo hapo hapo miguuni pako."

"Miguuni," Selwyn aliandika.

"Dakika ishirini zikipita, toa chambo, weka kipya. Maji yanaosha harufu. Na ukimpata samaki usimvute juu kwa mshipi, lile gati liko juu sana, mshipi utakatika. Teremsha wavu wa kamba. Halafu pima. Chewa asiyefika sentimita thelathini na tano anarudi baharini, na umshike kwa mkono uliolowa, usimbabue ngozi."

"Nafasi imekwisha," Selwyn alisema. Alikuwa amefika kwenye kifundo cha mkono.

"Basi na maarifa yamekwisha. Na kipenzi, maji yanajaa saa sita. Ukikosa hapo, usimlaumu mnyoo."

Jumamosi ilipambazuka na upepo wa kaskazini wenye mawe madogo ya barafu ndani yake. Watu sita walikuja. Wote sita. Mbele kabisa alisimama Bwana Ambrose Tindall, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na daftari lenye mistari. Thelma alikaa nyuma yao juu ya boksi, na chupa kubwa ya supu katikati ya magoti, ametulia kama mtu aliyelipia kiti cha mbele kwenye tamthilia.

"Karibuni," Selwyn alisema. "Jambo la kwanza." Akatazama kiganja. Akaona glavu. Ilibidi aivue ili asome. Kiganjani paliandikwa: vaa glavu.

"Jambo la kwanza ni kuvaa glavu," alisema, huku akiwa ameshika yake mkononi.

"Mbona wewe umeivua?" Tindall aliuliza.

"Ili mwone tofauti."

Tindall akaandika.

Likafuata suala la kutia mnyoo kwenye ndoana. Selwyn hakuwa amewahi kumshika mnyoo wa mchangani. Alimbana, na mnyoo akatoa maji ya njano mazito yakatapakaa kiganja chote. Alipofuta na kutazama, maandishi yalikuwa yameondoka. Kilichobaki kilikuwa doa la rangi ya manjano, na neno moja karibu na kidole gumba: miguuni.

Miguuni nini?

"Kitu cha pili," alisema polepole, "ni miguu. Simameni imara."

Watu sita wakatanua miguu. Thelma akafunika mdomo kwa skafu.

Selwyn akainua fimbo nyuma ya bega, akarusha kwa nguvu zote za dereva mstaafu. Alikuwa amesahau kufungua gurudumu la mshipi. Ukasikika mlio kama wa bakora, mshipi ukakatika, na chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia ndoana, ikaondoka peke yake kuelekea bara jingine. Hapo hapo upepo ukachukua kofia yake ya sufu, ikafuata nyuma.

Wote walitazama mpaka vyote viwili vilipotumbukia.

"Mshipi haukwenda," Tindall alisema.

"Ya kwanza huwa haiendi na mshipi," Selwyn alijibu. "Ni ya kuwashtua kaa."

"Kila mtu arushe moja?"

"Hapana! Moja inawatosha."

Lakini wawili walikuwa wamesharusha. Chubwi mbili nyingine zikaenda kuwashtua kaa.

Selwyn alimwona Thelma akimtazama bila kupepesa. Alifunga chubwi mpya na ndoana mpya, vidole havisikii kitu, na alipotaka kuinua fimbo tena, lile neno la karibu na kidole gumba likamrudia kwa sauti ya Kezia. Angusha hapo hapo miguuni pako.

"Sasa tazameni," alisema. "Wajinga wanarusha Denmark. Sisi tunaangusha hapa chini." Akaachia. Chambo kikashuka moja kwa moja kandokando ya nguzo, kwenye maji ya rangi ya chai. Akaegemeza fimbo kwenye ukingo. Wengine wakafanya vile vile. Wakangoja. Walikunywa supu. Walibadilisha chambo. Wakangoja tena, na mtu mmoja akauliza kama supu ipo zaidi.

Ilipokaribia saa sita, ncha ya fimbo ya Selwyn iliinama mara mbili, ikatulia, halafu ikavutwa chini kama mtu anayepiga kengele ya basi ashushwe.

"Ni upepo," Selwyn alisema.

"Ni samaki, mwanamume wewe!" Thelma alipiga kelele. "Kunja! Kunja mshipi!"

Selwyn akakunja. Kitu kilikuwa kizito na kilikuwa hai, na kilikuwa kinakataa. Katika miaka mitatu hakuna aliyemwambia kwamba samaki anakataa. Wale wa Bagley hawakuwahi kukataa chochote. Alitaka kumvuta juu, lakini Thelma alikuwa ameshafika ukingoni na wavu wa kamba aliokuja nao, akauteremsha, akauzungusha chini ya samaki kwa mkono mmoja, akapandisha. Alifanya hivyo kama mtu anayeinua kikapu cha nguo.

Samaki akaanguka sakafuni mwa gati, wa kahawia, wa madoadoa, mdomo wazi. Watu wakapiga makofi. Selwyn akajikuta amepiga magoti, machozi yanamtoka, na kwa furaha ile akanyanyua mikono na kupaza sauti kwa jina pekee la samaki alilolijua:

"Hadoki!"

Makofi yakakatika.

Tindall akainama, akarekebisha miwani. "Hadoki ana alama nyeusi begani, kama ya kidole gumba. Huyu hana."

"Huyo ni chewa," Thelma alisema. "Hadoki yuko kwa Bagley. Wawili kila Jumamosi."

Selwyn alibaki vile vile, magoti chini. Upepo ulimpiga kichwani pasipo na kofia. "Umejua tangu lini?"

"Tangu wa kwanza. Baba yangu alivua hadoki miaka thelathini, Selwyn, siku nne baharini kuwafuata. Hadoki haji gatini kwetu. Na wako alikuwa ameshapasuliwa tumbo. Nikajiuliza, alijitumbua mwenyewe kabla ya kumeza ndoana?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa supu.

"Mbona hukusema?"

"Napenda hadoki." Halafu akachuchumaa karibu naye, akashusha sauti, ingawa wote walimsikia. "Na nilikuwa nangoja useme wewe. Mwaka mmoja, miwili. Mama yake Kezia ananiambia mume wako yuko kwenye mashine za kufulia, amelala, mdomo wazi. Nyumbani kuna moto, mzee. Kuna kiti. Kwa nini ukaote joto la soksi za watu?"

"Ulisema sina pa kwenda."

"Nilisema nini?"

"Siku ile unafagia."

Thelma hakuikumbuka ile siku. Ilionekana wazi usoni. "Nilikuwa nataka uhamishe miguu, Selwyn," alisema. "Miguu tu."

Tindall alikuwa ameshalowesha mikono na kutoa futi ya shuleni mfukoni. Alipima mara mbili, kwa haki. "Thelathini na tatu," alitangaza. "Pungufu ya mbili."

Kwa hiyo samaki pekee ambaye Selwyn Garside amewahi kumvua akarudishwa na wavu mpaka majini, na akaondoka bila kuaga. Wanafunzi wakapiga kura hapo hapo kwamba mafunzo yaendelee kila Jumamosi, mwalimu awe Thelma, na Selwyn abebe ndoo.

Asubuhi ile iligharimu hivi: chubwi tatu, kofia moja ya sufu, minyoo ishirini na tisa, chewa mmoja aliyepungukiwa sentimita mbili, na kiti cha karibu na mashine namba nne, ambacho sasa anakikalia mama yake Kezia.