Mguu wa Kushoto

Mguu wangu wa kushoto hauwezi kuachia pedali polepole. Hiyo ndiyo shida yote. Nina miaka arobaini na saba, nimeendesha gari miaka tisa hapa Bunia, na mguu huu unaachia mara moja kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Sababu yake naijua. Gari niliyojifunzia ilikuwa Probox, imetoka Uganda, usukani upande wa kuume, otomatiki. Pedali ni mbili tu. Hakuna mtu aliyenifundisha. Niliacha shule darasa la nne, nikasukuma chukudu, kile kigari cha mbao, nikabeba mizigo, na siku moja mwenye Probox akanipa ufunguo. Nikaweka mguu wa kuume kwenye mafuta na wa kushoto kwenye freni. Niliona ni haki: miguu miwili, pedali mbili. Wengi kwetu wanaendesha hivyo.

Na kwenye matope ilinisaidia. Nilishikilia freni kwa mguu wa kushoto, nikatia mafuta kwa mguu wa kuume mpaka gari itetemeke, halafu nikaachia freni yote kwa mara moja. Gari ilitoka. Kwenye mpando wa kilima cha mtaa wetu wa Ngezi, wakati wa mvua, hakuna aliyeniacha nyuma.

Mwezi wa kwanza mwenye Probox akaiuza. Nikakaa nyumbani. Sisi ni watu tisa: mimi, mke wangu Mbambu, watoto sita, na Chancelle, mdogo wa Mbambu. Chancelle ni shofere wa shirika moja la misaada. Mushahara wake ndio uliotulisha wote. Ukila chakula cha shemeki unatazama sahani tu, huombi kuongezwa.

Mwezi wa tano shirika likatafuta shofere mwingine. Chancelle akapeleka jina langu. Ila kulikuwa na jaribio. Wanasimamisha Land Cruiser ya vitesi vya mkono, gia za kubadilisha mwenyewe, usukani kushoto, kwenye mpando wa udongo mwekundu uliolowa. Wanapiga honi. Gari inapaswa kufika kwenye bidon, dumu la njano, metre thelathini mbele, kwa sekunde saba, na tairi za nyuma zisizunguke bure. Kuunganisha tairi za mbele ili zivute nazo ni marufuku. Unapewa mara tatu. Si mchezo wa kuonyeshana. Risasi zikilia barabarani, shofere ndiye anayewatoa watu. Akichimba shimo kwa tairi, wote wanabaki humo.

Kila Jumamosi Chancelle alipeleka gari kuoshwa. Akasema tutapita kwanza Bigo, nyuma ya nyumba za mwisho, nijifunze nusu saa tu.

"Na bakituona?" nikamuuliza.

"Bataona nini? Gari chafu inaenda kuoshwa. Panda, shemeki. Unaogopa kama bibi arusi."

Nikapanda. Pedali tatu. Mguu wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye ile ya kwanza, ukaikanyaga kama freni.

"Njo hiyo, ni ambrayaji," akasema, yaani klachi. "Kanyaga mpaka chini. Tia vitesi ya kwanza. Sasa achia pole, pole, mpaka usikie gari inainama mbele. Hapo unangoja."

"Nangoja nini?"

"Unangoja ishike. Halafu unaongeza mafuta kidogo-kidogo na unamalizia kuachia."

Niliachia. Gari ikaruka mara moja, ikazimika. Chancelle alishika kichwa.

"Weye iko naua nyoka?"

Mara ya pili nikaongeza mafuta. Gari haikuzimika, lakini tairi zikalia, nyuma ikaenda upande, na matope yakarushwa mpaka kwenye nguo ambazo mama mmoja alikuwa ameanika. Jina lake Geneviève, nililijua baadaye, kwa sababu alikuja kila Jumamosi kutuangalia.

"Muzee muzima!" akapiga kelele. "Njo leo banakufundisha kutembea?"

"Tusamehe, mama," Chancelle akajibu. "Anaendesha hivi tangu kwa tumbo la mama yake."

Chancelle aliponigeukia hakucheka tena. "Shemeki, sikiliza. Unaachia ambrayaji kama freni. Nguvu yote inafika kwa tairi mara moja, na tope haiwezi kuishika. Kichwa yako iko najua?"

Kichwa kilijua. Ningeweza kumfundisha mtu mwingine. Lakini honi ya Chancelle ilipolia, kichwa kilichelewa na mguu ulikuwa umekwisha kutoka. Miaka tisa mguu huo ulifanya jambo moja tu, na ulilifanya vizuri.

Nyumbani nilikaa kwenye kiti, nikaweka mto chini ya unyayo, nikawa nauinua polepole. Pale ulinitii. Mbambu akapita na ndoo.

"Unaendesha unaenda wapi?"

"Kazini."

"Basi utuletee sukari."

Jumamosi ya pili ilikuwa kama ya kwanza. Ya tatu nikapata akili. Nilikanyaga ambrayaji nusu, nikaugandisha mguu hapo katikati, nikatia mafuta mengi. Gari ikapanda bila kuruka, bila tairi kuzunguka. Taratibu, lakini ilipanda. Nilifurahi kama mjinga. Nikarudia mara kumi na tano, na Chancelle alikuwa amesimama mbali kwenye bidon tuliyoiweka, akitazama tairi. Aliporudi mlangoni, harufu ilikuwa imejaa ndani, kama kandambili iliyoanguka kwenye makaa.

"Zima!"

Nikazima. Moshi ulitoka chini ya miguu yangu.

"Unaipika, shemeki. Ukikaa katikati vile, inajisugua mpaka inaungua." Aliweka mkono kwenye usukani. Halafu akasema: "Itapoa. Usiambie dada."

Tukaipeleka kuoshwa.

Alhamisi nikaenda kwenye jaribio. Mkubwa wa magari aliitwa Julien, mtu wa Mahagi, mpole, na saa mkononi. Chancelle alisimama na mashofere wengine karibu na ukuta. Gari ilikuwa ileile. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo uling'aa.

Honi ya kwanza. Mguu ukatoka. Tairi zikapiga kelele, gari ikageuka upande, mashofere wakaruka wasipakwe matope.

"Muzee anapanda muhogo!" mmoja akasema.

Julien hakucheka. "Tulia, muzee Élisée. Tena."

Honi ya pili. Nilifikiri sana juu ya mguu, nikasahau mafuta. Gari ikazimika.

Kabla ya honi ya tatu nilimtazama Chancelle. Alikuwa anainua kiganja chake hewani polepole, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Nilijua maana yake. Nilijua pia kwamba mguu hautafanya hivyo. Basi nikafanya kile pekee nilichoweza: nikaugandisha katikati. Injini ikalia, gari ikapanda kama mgonjwa, ikafika kwenye bidon.

"Sekunde kumi na nne," Julien akasema. "Tairi hazikuzunguka, hiyo sawa. Lakini batu ya nyuma yako bamekwisha kufa."

Kisha akavuta hewa puani. Harufu ilikuwa imetoka tena, na moshi. Akamwita fundi, Patou. Patou akaingia, akajaribu kuondoa gari kwa vitesi ya tatu. Injini ilipaswa kuzimika; ikaendelea kunguruma, gari haikusogea hata kidogo.

"Ambrayaji imekwisha," akasema.

"Ni mimi," nikasema haraka. "Ni sasa hivi."

"Hapana, muzee. Kwa mara tatu haifiki hivi. Hii iliungua siku zingine."

Kwenye magari yao kuna kidude kinachoandika kila mahali gari inapopita. Julien hakuwa na hasira. Alifungua kompyuta juu ya boneti, akatafuta Jumamosi, akaona Bigo. Akaona mara tatu. Akamgeukia Chancelle.

"Ulikuwa unafanya nini Bigo?"

Nilifungua mdomo. Chancelle akanitangulia.

"Nilimufundisha shemeki yangu."

Julien alifunga kompyuta polepole. Alisema angependa kufanya namna nyingine, ila sheria ya kutompa mtu wa nje usukani haikuandikwa naye. Akamwomba Chancelle kadi yake na ufunguo. Chancelle akavitoa. Tulirudi Ngezi kwa miguu. Nilitaka aseme neno lolote, hata tusi.

Nimepiga hesabu, maana hesabu ndogo najua. Imetugharimu ambrayaji moja ya gari ya watu. Kazi moja ambayo sikuipata. Kazi nyingine moja, ambayo Chancelle alikuwa nayo miaka sita. Jumamosi tatu. Kwa nyumba tuko watu tisa, na mushahara hata moja haiko.