Kisahani cha Bluu

Wewe umewahi kukaa mezani kama mgeni mahali ulipoosha vyombo miaka kumi na tisa? Basi usimcheke Mama Glasi. Wenzake kazini walimpa jina hilo kwa kuwa hakuna aliyeng'arisha glasi ya mvinyo kama yeye, na siku ile alikaa kwenye kibaraza cha mkahawa nusu kiti, mkoba mapajani, kama anayesubiri kuitwa na daktari.

Ilikuwa saa saba mchana. Mzabibu ulitambaa kwenye waya juu ya vichwa, jua likidondoka matone matone kwenye kitambaa cheupe. Meza zilikuwa tisa tu. Watu walikuja kwa ajili ya mvinyo, na chakula kililetwa kidogo kidogo katika visahani, kila mtu adonoe.

"Hiki ndicho chakula, au tumeletewa tuonje chumvi?" aliuliza wifi yake, dada wa marehemu mumewe, akikitazama kisahani cha zeituni sita. Mwaliko ulikuwa wa watu wawili, na Mama Glasi hakuwa na mwingine wa kumleta.

"Ndivyo wanavyokula."

"Wanakula au wanahesabu?"

Mama Glasi alicheka kwa pua. Akainua glasi yake kwenye mwanga. Karibu na shina palikuwa na doa la maji, dogo kama yai la chawa. Akaipulizia pumzi, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Wifi, weka chini. Leo umekuja kula."

"Mkono huu haujaambiwa."

Mkono wenyewe ulikuwa umevimba kifundoni. Mwezi mzima alilala ameufunga kitambaa cha maji ya moto. Mara tatu alipanda ngazi kumwambia mwenye mkahawa kwamba amechoka, anataka kukaa nyumbani. Mara tatu alishuka na aproni mpya na maneno yake yale yale: "Haidhuru, bosi." Na sasa bosi kamwalika mezani.

"Atakuomba ubaki mwaka mwingine," wifi alisema. "Mvuvi halishi samaki kwa mapenzi."

Kikaletwa kisahani cha bluu.

Hapo Mama Glasi aliacha kutafuna. Chumba cha kuoshea kilikuwa chini, na dirisha lake lilikuwa usawa wa sakafu ya kibaraza. Miaka yote aliwajua wateja kwa viatu vyao na kwa walichobakiza. Visahani vingine vilirudi na kokwa, na ganda la mkate. Cha bluu hakikurudi na kitu. Kilipanguswa kwa mkate hadi ua lililochorwa katikati likaonekana lote. Chakula cha wafanyakazi kilikuwa kingine, na yeye hakuwahi kuuliza ndani ya cha bluu huwa mna nini.

Mlikuwa na biringanya, vipande vinne, vimeokwa hadi vimelegea, na juu yake jibini na asali. Wifi alikula kimoja, kisha cha pili, akafumba macho.

Mama Glasi aliviacha viwili vyake avile mwisho. Akamaliza zeituni taratibu, akamaliza mkate, akisimulia habari za bomba la nyumbani linalovuja. Mikono nayo ikaendelea na yake: kisahani kitupu juu ya kitupu, cha bluu juu kabisa, uma mbili zikapishana juu yake. Katika mkahawa ule, uma zikipishana maana yake ondoa. Sheria hiyo aliwafundisha wahudumu yeye mwenyewe.

Mhudumu akapita, akaondoa.

"Haidhuru," alisema Mama Glasi.

"Haidhuru nini? Hata kaka yangu alipokuposa ulisema haidhuru?"

"Nilisema hivyo hivyo."

Wakacheka, bega kwa bega. Kisha wifi akamtazama. "Na hujakionja."

"Sijakionja."

Mwenye mkahawa alikuja na chupa mkononi, akavuta kiti. "Mama yetu, umekula vizuri? Nilikuwa nafikiri, mwaka mmoja tu tena. Hawa wapya wananivunjia glasi. Tumekubaliana?"

Haidhuru yake ilimfikia kwenye ncha ya ulimi. Akainamisha macho. Pale chini, kando ya viatu vya bosi, palikuwa na kidirisha, na ndani yake taa, na sinki lake. Hakuwahi kukiona kutoka upande huu. Mikono ya mtu iliweka rundo la visahani kando ya bomba. Cha bluu kilikuwa juu.

Akaulaza mkono wake mezani, kiganja juu, uvimbe wote ukionekana.

"Mwanangu," alisema, naye hakuwahi kumwita hivyo. "Hapana. Mkono umekwisha. Nataka kukaa nyumbani kwangu. Na kile kisahani cha bluu, waambie wasikioshe. Nilikuwa bado nakula."