Mama Mashuka na Rekodi ya Kutwa

Siku Mama Mashuka alipoagwa kazini, baada ya miaka ishirini na tisa ya kufua mashuka ya hospitali, wenzake walimpa kiti. Kilikuwa kiti kizuri cha kukunja, chenye mto wa kichwa na mahali pa kunyooshea miguu. Alishukuru, akakibeba mwenyewe hadi nyumbani, akakiweka sebuleni karibu na dirisha, na hakukikalia hata siku moja. Alikianikia taulo.

Hakuwa na ugomvi na kiti. Ugomvi wake ulikuwa na karatasi ya daktari, iliyosema kwamba kwa hali ya goti lake la kushoto na bega lake la kulia, mama huyu "hafai tena kwa kazi ya kusimama." Maneno sita tu, lakini yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Alilea mtoto peke yake akiwa amesimama, akazika mume akiwa amesimama, na sasa mtu mwenye kalamu alikuwa anamwambia akae.

Nyuma ya ua wa chumba cha kufulia kulikuwa na uwanja wa gofu ya visahani. Ni mchezo usio na makuu: unasimama kwenye kibao cha saruji, unarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka minyororo ilie na kisahani kitulie ndani ya kikapu. Kisha unakwenda kibao kinachofuata. Uwanja ule ulikuwa na vikapu tisa vilivyozunguka miti na kijilima kimoja cha kukera.

Mama Mashuka aliingia kwenye mchezo kwa njia ya ua. Visahani vya watu vilikuwa vinapotea njia na kuangukia kwenye mashuka yaliyoanikwa. Wenzake walivizungusha mpaka getini kwa adabu. Yeye alikuwa anavirudisha hukohuko juu ya ua kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika vibanio. Siku moja kimoja kilipaa, kikapinda, kikatua moja kwa moja ndani ya kikapu cha nne. Upande wa pili wakapiga makofi. Jumamosi iliyofuata walimwita, na kwa miaka kumi na miwili hakuacha kwenda.

Klabu ilikuwa na kitabu cha rekodi, na ndani yake rekodi moja ambayo watu waliitaja kwa sauti ya chini: rekodi ya kutwa. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mtu mmoja, kwa miguu yake na visahani vyake, amalize vikapu vingi awezavyo. Idadi ya mirusho haijalishi. Kinachohesabiwa ni vikapu, na mashahidi wawili wasio ndugu lazima watie sahihi. Rekodi ilikuwa ya Kinyozi, kijana mwenye miguu kama ya korongo: vikapu mia mbili themanini na nane.

Alipomwambia Mwenyekiti wa klabu kwamba anataka kuijaribu, Mwenyekiti alitabasamu. Alikuwa mtu wa sauti laini, anayekataa kama anayekubali.

"Wazo zuri sana, mama. Tutaliangalia."

"Mtaliangalia lini?"

"Wakati ukifika."

"Wangu umeshafika. Wako sijui."

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo, hadi Mwenyekiti akachoka kutabasamu na kumpa siku na mashahidi wawili wa kamati.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, alipopata habari hakumung'unya maneno.

"Mama, goti hilo umelikosea nini mpaka unalifanyia hivi?"

"Goti ni langu."

"Na mgonjwa atakuwa wa nani? Wangu! Mimi siji kukuangalia ukijimaliza."

"Basi usije. Nani kakuita?"

Siku ilipofika, saa kumi na mbili kamili asubuhi, filimbi ikalia na Mama Mashuka akarusha kisahani cha kwanza. Alivaa viatu vyake vya kazini, vile vyeupe vya mpira vilivyozoea sakafu ya maji, na mkoba begani wenye visahani vitano. Hakukimbia. Alitembea kama alivyokuwa akitembea na kigari cha nguo kwenye korido ndefu: hatua fupi, hatua za mtu ambaye ana wodi kumi za kupitia na hana muda wa umbea. Mzunguko mmoja, vikapu tisa, dakika ishirini na moja. Mwingine, vivyo hivyo. Mashahidi walianza wakimfuata pembeni. Kufikia mzunguko wa sita walikuwa wameshakaa kwenye benchi na kumhesabu kwa mbali.

Saa tatu binti alitokea na chupa ya chai, bandeji na uso uliokunjwa.

"Nimepita tu," alisema.

"Pita basi," mama akajibu, akarusha.

Binti hakupita. Alimfunga goti mama yake kwenye kibao cha tano kwa dakika moja na nusu, huku anagomba, na mama akanywa chai huku anatembea. Saa sita mchana alikuwa na vikapu mia hamsini na tatu, na kwenye benchi shahidi mmoja alimwambia mwenzake, "Haki ya nani, huyu mama anaweza kutuaibisha."

Saa saba mvua ikaja. Haikuanza kwa rasharasha, ilimwagwa. Kijilima kikawa utelezi, visahani vikawa vinaponyoka kama sabuni. Mama Mashuka alivifuta kwa kanga aliyoifunga kiunoni, akaendelea. Ndipo Mwenyekiti alipotoka ofisini na mwavuli mkubwa, akasimama mbele ya kibao cha sita.

"Mama, pole sana. Tunafunga uwanja."

"Kwa kanuni ipi?"

"Kwa usalama wako."

"Hiyo siyo kanuni, hiyo ni huruma. Kanuni ya tisa inasema mchezo unasimama kukiwa na radi. Wewe umesikia radi?"

Wote wakajikuta wanasikiliza. Mvua ilikuwa inapiga mwavuli, basi.

"Sijasikia, lakini..."

"Hata mimi sijasikia. Nipishe, kikapu kiko nyuma yako."

Sauti laini ikapungua ulaini. "Mashahidi wa kamati wanaondoka, mama. Utakachofanya kuanzia sasa hakitaandikwa."

"Waende salama. Vikapu havina miguu, havitaondoka nao."

Mwenyekiti akamgeukia binti, kwa ile namna ya watu wazima wanaoongea juu ya kichwa cha mtoto. "Muuguzi, wewe ni mtu wa kuelewa. Mchukue mama akapumzike. Amejitahidi, lakini umri nao."

Kwa kweli, kama asingesema hivyo, binti angemchukua. Alikuwa ameshakunja bandeji zake na maneno ya kumbembeleza mama alikuwa nayo ulimini. Lakini aliposikia neno umri likisemwa vile, kama jina la ugonjwa wa kuambukiza, kitu kilimpanda.

"Umri umefanya nini?" aliuliza.

"Namaanisha tu kwamba..."

"Huyu yuko kwenye kikapu cha mia sabini na saba. Wewe umefikisha vingapi leo?" Akamnyang'anya shahidi wa karibu daftari na kalamu, akalifunika kwa mfuko wa plastiki. "Mama, endelea. Nahesabu mimi."

Mashahidi wakaondoka, geti likafungwa. Mlinzi wa geti, mzee aliyekuwa amejikunyata kibandani na koti la mvua, alichungulia.

"Mimi nimeagizwa asiingie mtu," alitangaza kwa sauti ya kiofisi. "Walio ndani sikuambiwa kitu." Kisha akavuta kigoda chake hadi mlangoni, mahali anapoona vikapu sita kati ya tisa, na kila minyororo ilipolia alichora alama kwenye ukuta kwa kipande cha chaki.

Mvua ilipunguka kuelekea saa nane. Mama Mashuka alikuwa ameloa hadi kwenye mifupa, lakini kuloa kulikuwa kazi yake ya miaka ishirini na tisa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye aliyaoga na nguo zake. Kilichomwangusha hakikuwa mvua. Kwenye kikapu cha mia mbili na moja, alipozungusha mkono kurusha, bega la kulia lilitoa mlio mdogo, kama uzi wa kushonea ukikatika, na kisahani kikaanguka hatua tatu mbele yake. Akajaribu tena. Mkono haukupanda kupita kiuno.

Binti alimfikia mbio, akalipapasa bega, na uso wake ukabadilika kutoka uso wa mtoto kuwa uso wa wodini.

"Imetosha mama. Hapa hatuna mjadala. Bega hili halirushi kitu leo."

Mama alikaa kwenye kibao cha saruji. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu alfajiri, na mwili ulimshukuru hadi akaogopa. Alihisi jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Kila mtu angemsifu. Wangesema mama wa watu alijitahidi sana, wangemsindikiza nyumbani, na karatasi ya daktari ingekuwa imesema kweli. Machozi yalimtoka, ya hasira tupu, akayaacha yatiririke kwa sababu uso wenyewe ulikuwa maji matupu.

"Umesema bega lipi?" aliuliza.

"La kulia! Si unaliona?"

"Nalionaje, liko nyuma ya macho yangu. Nifungie." Akainuka, goti likalia. "Kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi. Nina mkono mwingine."

"Mkono wa kushoto hujawahi kurushia hata jiwe!"

"Ndio maana haujachoka."

Binti akapekua bandeji zake. Akatoa kitambaa cha pembetatu, akaufunga mkono wa kulia kifuani kwa mafundo ya hasira lakini sahihi, na Mama Mashuka akachukua kisahani kwa kushoto. Mrusho wa kwanza uliingia kichakani. Wa pili uligonga mti ukarudi karibu umkate yeye mwenyewe. Wa tatu ulikwenda hatua kumi. Aliacha kutafuta mirusho mizuri. Aliirusha mifupi, ya chini, kumi hapa na kumi na tano pale, kama mtu anayesukuma kabati zito sebuleni, na kikapu cha mia mbili na moja kikalia. Walihitaji ishirini na mbili kwa saa. Binti alipiga hesabu hiyo kimoyomoyo na hakumwambia.

Saa tisa na nusu kulikuwa na kelele getini. Alikuwa Kinyozi mwenyewe, na aproni yake ya kazi, nywele za watu zimemganda mikononi. Mteja alikuwa amemletea habari dukani. Nyuma yake alisimama mteja huyohuyo, amenyolewa upande mmoja wa kichwa tu.

"Nilimwambia anisubiri," Kinyozi alieleza, "lakini naye anataka kuona."

"Asiingie mtu," mlinzi akasema.

"Mzee wangu, rekodi yangu inavunjwa humo ndani. Nataka ivunjwe mbele ya macho yangu."

Mlinzi alilitafakari jambo hilo. Akafungua geti, akatazama pembeni.

Kinyozi alimkuta kwenye kijilima, anapanda kwa kushika majani. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunizuia?"

"Nimekuja kushuhudia. Mimi na huyu nusu kichwa. Sio ndugu zako." Akatembea naye hatua chache, akaona bandeji, akaona mkono uliofungwa, akashindwa kuficha. "Mama, mimi nilipofika mia mbili na hamsini nilitapika. Nilikuwa na mikono yote miwili."

"Ulikula nini?"

"Maandazi."

"Umeona sasa," alisema Mama Mashuka, na kisahani kikaingia.

Saa ya mwisho ilikuwa mbaya na haina haja ya kupambwa. Alitambaa kijilima mara mbili. Alisahau alipo kwenye kikapu cha mia mbili sabini, akamwita binti yake kwa jina la marehemu dada yake. Mara moja alisimama na kusema, "Siwezi," na hakuna aliyemjibu, na alipoona hakuna anayemjibu akaendelea. Zikiwa zimebaki dakika tisa alifikisha mia mbili themanini na nane, sawa na Kinyozi. Kikapu kilichofuata kilikuwa hatua sabini. Mirusho sita. Wa saba uligonga mnyororo, ukasita ukingoni, ukadondokea ndani. Mteja wa nusu kichwa alipiga yowe hadi ndege wakaruka. Mama Mashuka hakusimama hata kufurahi. Alifika kibao cha pili, akamaliza na hicho kwa mirusho minne, na filimbi ya mlinzi ilipolia alikuwa ameshaanza cha tatu. Vikapu mia mbili na tisini. Kinyozi aliweka sahihi yake kwanza.

Bega lilichukua wiki sita. Binti alimuuguza, akamsimanga asubuhi na jioni, na kazini akamsimulia kila mgonjwa aliyekubali kusikiliza.

Wiki ya tatu Mwenyekiti alikuja nyumbani na barua. Kamati ilimpongeza mama kwa moyo wake. Hata hivyo, kwa kuwa kati ya saa saba na saa tisa na nusu hapakuwa na mashahidi halali, ila binti na alama za chaki za mlinzi, rekodi isingeweza kuandikwa. Kama mama angependa kurudia, kamati ingechagua mashahidi wanne safari hii.

Binti alisimama ili aseme. Mama akamwashiria akae.

"Wachague," alimwambia Mwenyekiti, akiwa amesimama mlangoni. "Ila waambie waje na viatu vya kutembelea. Na makoti ya mvua."