Miaka Kumi na Mmoja ya Sifuri

Mwanamke aliingia ofisini kwetu, idara ya maji, bila hodi, viatu vimejaa tope, mkononi daftari lililofungwa kwa mpira.

"Nani hapa anashughulika na mto?"

Wenzangu wakaninyooshea kidole. Nilikuwa na miezi mitano kazini tangu nimalize chuo, na mto ulikuwa kazi ambayo hakuna aliyeitaka.

"Mimi ni binti wa Bwana Sifuri," akasema. Mtu akacheka, kisha akajizuia.

Jina hilo la utani nililijua. Mpimaji wa zamani alikuwa akiandika kimo cha maji kila asubuhi. Baada ya mafuriko makubwa akaandika sifuri kila siku, miaka kumi na mmoja, mpaka akastaafu. Ripoti niliyokuwa naimalizia iliegemea sifuri hizo: bonde limekauka, nyumba zijengwe.

"Mto haukukauka, mwanangu. Ulihama. Nguzo ya kupimia ikabaki pakavu. Baba aliambiwa asiiache nguzo yake, na hakuiacha."

"Hakumwambia mtu?"

"Alikuja hapa mara mbili. Wakamjibu, 'Mzee, wewe andika namba, kufikiri tuachie sisi.'"

Tukaenda bondeni. Nguzo ilisimama kwenye majani, namba zake zimefifia. Chini yake mawe yalikuwa laini kama mayai, na udongo umejaa makombe ya konokono wa majini. Ukuta wa nyumba ya pampu ulikuwa na mstari wa tope juu ya kichwa changu. Mbele, mto wenyewe ulikuwa ukimega ukingo kimyakimya.

Akafungua daftari. Kila mwaka, baada ya kuandika sifuri ya serikali, baba yake alihesabu hatua kutoka nguzo hadi maji. Mia nne na kumi. Mia tatu sitini na mbili. Mwaka wa mwisho, mia mbili themanini.

"Unarudi," nikasema.

"Unarudi mahali pake pa zamani. Baba hana siku nyingi. Anauliza jambo moja tu: watu watajenga pale kwa sababu ya sifuri zangu?"

Nikamwahidi kwamba Ijumaa nitakuja kumsomea mzee ripoti, hatua zake zikiwemo.

Bosi alisoma ukurasa niliouongeza kwenye ripoti, akasugua macho. "Kijana, chuo kizima kile, umerudi na hatua za miguu?"

"Tumezipima upya kwa kamba, bosi. Sasa ni mia mbili na arobaini."

"Ukurasa huu ukibaki, mwisho wa mwezi usiniulize habari za mkataba wako wa kazi."

Nilimfikiria mama, aliyekwisha kuwatangazia majirani wote kuwa mwanawe ni mtu wa serikali. Nikaipeleka ripoti baraza la mji, ukurasa ukiwa ndani, nikasubiri hadi ikagongwa muhuri.

Ijumaa nilimkuta mzee amelala upande, uso ukutani. Binti yake akamgeuza taratibu.

"Baba, kijana wa mto amekuja."

Nikamsomea. Nilipofika kwenye maneno "mpimaji alitimiza kazi yake kwa uaminifu", alifumba macho, nikadhani amesinzia.

"Na wewe," akauliza, "hawajakusumbua kwa haya?"

"Hapana, babu."

Nadhani hakuniamini.

"Basi nisomee tena zile hatua."

Nikazisoma tena, polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka majini.